Kiraka cha Upande wa Mto

Jumamosi, 3 Oktoba 1908

Leo nimekabidhiwa daftari la klabu. Bwana Fihlani, katibu wetu, alikuja nalo kwapani, akamwambia Tata, baba yangu, kwa jina la ukoo wetu, kana kwamba mimi sipo: "Jwarha, huyu bintiyo Nomalizo ana mwandiko kama wa chapa. Kaka yake ndiyo keshaenda Johannesburg, na mimi macho yangu sasa yanaona wachezaji ishirini na wawili kama arobaini na wanne. Aandike yeye."

Tata akaniangalia. Mimi nikaangalia kuku. Kwetu mtoto akinyamaza amekubali, basi nimekuwa mwandishi wa alama wa klabu ya kriketi ya Alfajiri, nikiwa na miaka kumi na mitano na sauti ambayo mwalimu anasema inatosha kuzungumza na sisimizi.

Daftari la klabu huandikwa kwa Kiingereza, kama masomo yetu ya asubuhi. Hili ni langu, nami naandika kwa lugha ya nyumbani, kwa sababu ninayotaka kuyasema sijawahi kuyasema kwa lugha yoyote.

La kwanza ni hili. Tata amesema msimu huu ni wa mwisho. Ni goti. Kwa miaka kumi na minne mchana anashona matandiko ya farasi na Jumamosi anarusha mpira. Mara tisa amechaguliwa kwenye timu ya jimbo, na mara tisa jimbo limerudi bila kombe. ("Mara tisa nimefua tope la miji ya watu," asema Mama.) Mwaka huu mashindano ni mjini Bhayi, baada ya Krismasi. Tata anataka kwenda mara ya kumi. Hajasema. Nimemwona tu akivipaka viatu vyake chokaa, vikakauka, akavipaka tena.

Jumatatu, 5 Oktoba

Mvua ya mawe. Maua ya mpichi yote chini.

Ijumaa, 9 Oktoba

Kazi ya mkeka. Wasichana tumesiriba uwanja kwa udongo wa kichuguu na samadi, kama tunavyosiriba sakafu za nyumbani, mpaka pakawa laini kama shavu. Kisha wanaume wakautandaza mkeka wa nyuzi za nazi juu yake na kuukaza kwa vigingi. Mkeka wenyewe ni mzee na umelegea. Upande wa mto, hatua sita mbele ya vile vijiti vitatu anavyovilinda mpigaji, pana kiraka cha ngozi ukubwa wa sahani. Mwaka mkeka uliponunuliwa, ng'ombe wa mchungaji wa kanisa aliula mahali pale, na nyanya yangu, Makhulu, akashona kiraka. Kila Oktoba hukishona upya kwa sindano kubwa ya Tata na uzi wa nta.

Makhulu hajawahi kutazama mechi hata moja. "Watu wazima," asema, "na suruali nyeupe, wanakimbia kama waliofukuzwa na nyuki, halafu wanasimama kunywa chai. Nishone tu niende zangu."

Jumamosi, 10 Oktoba

Tata amewatoa wapigaji saba wa timu ya mji wa Ngqushwa. Saba! Yeye hakimbii. Hupiga hatua nne, mkono unazunguka taratibu, na mpira unaelea kama kitu kilichosahaulika hewani. Unadunda, unakata kona ghafla kama mbuzi aliyeona nyoka, na vijiti vinaanguka.

Falakhe, mrushaji wetu kijana, amepata wawili. Amerudi kutoka migodi ya Kimberley na kofia ya rangi mbili, na akirusha huanzia mbali kama mtu anayechelewa treni. Kabla ya mchezo alimwambia Tata, watu wakisikia: "Jwarha, goti linasemaje leo?"

"Linasema linakumbuka lilivyomtoa babako bila alama."

Watu wakacheka. Falakhe naye akacheka, meno yote nje. Simpendi. Anajipenda vya kutosha.

Jumamosi, 17 Oktoba

Mvua. Hakuna mchezo.

Jumamosi, 24 Oktoba

Nimeona jambo ambalo nisingependa kuliona.

Tata amewatoa sita leo. Mwandishi wa alama huketi mahali pamoja siku nzima akitazama kitu kimoja, na mimi nimezoea kutazama bila kusema. Mipira yote sita ilidunda kwenye kiraka. Yote. Ngozi ile imeinuka pembeni, na mpira ukiigusa unaenda unakotaka wenyewe.

Jioni nilifungua madaftari ya zamani. Kaka yangu alikuwa na desturi ya kuandika herufi M pembeni kwa mipira iliyorushwa kuelekea mto. Nyumbani, jina la Tata na M, jina la Tata na M, ukurasa baada ya ukurasa. Siku zote yeye hurusha akitokea upande wa kanisa. Nilidhani ni ucha Mungu.

Ugenini: mmoja, wawili, hakuna, mmoja.

Nimekaa na jambo hili kama mtu aliyemeza kokwa la pichi. Je, kama sifa yote ya baba yangu, kuanzia hapa hadi mtoni Kei, ni kazi ya sindano ya nyanya yangu?

Jumamosi, 31 Oktoba

Mkeka mpya umefika kwa gari la ng'ombe. Mgumu, wa kahawia, unanuka duka. Kila mtu alishangilia, hata Tata. Ule wa zamani amepewa Makhulu, akaufanya mlango wa banda la kuku.

Jumamosi, 7 Novemba

Tata: hakumtoa hata mmoja. Falakhe: sita.

Nimeandika sifuri ile kwa mkono wangu. Nimejitahidi iwe ndogo.

Jumatano, 11 Novemba

Mama anauliza nani amechukua sahani yake ya bati ya bluu. Hakuna anayejua.

Jumamosi, 14 Novemba

Mmoja. Na huyo alijiangusha mwenyewe.

Mkeka mpya umekazwa kama ngoma. Mpira wa Tata unadunda pale pale, kisha unapanda na kupita juu ya vijiti, na wapigaji wanaukaribisha kama mgeni aliyeleta nyama. Kwenye chai kijana mmoja alisema, si kwa kunong'ona, kwamba kamati ya jimbo inakaa tarehe ishirini na nane na imebaki nafasi moja ya mrushaji, wala hakuna haja ya kumsumbua mzee. Falakhe alimwambia, "Nyamaza, wewe. Ulikuwa unanyonya bado alipokuwa anawatoa watu." Sikutarajia.

Tata alikula kipande cha mkate wa mvuke, akasema ni mzuri. Kilikuwa kimeungua.

Jumapili, 15 Novemba

Baada ya kanisa nilimwambia Makhulu. Alikuwa anachambua maharagwe. Nilisema yote kwa pumzi moja, kiraka, herufi M, ugenini.

Aliendelea kuchambua. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Alicheka hadi akafuta machozi kwa pindo la shela.

"Kwa hiyo mimi," akasema, "mimi ndiye niliyewatoa wale watu wa Ngqushwa saba?"

"Makhulu, si la kucheka. Hatachaguliwa."

Akaacha kucheka. Akachukua haragwe, akalitazama, akalitupa. "Hata mkeka mpya unaweza kupasuka, mwanangu. Ukipasuka, lazima ushonwe. Ni hayo tu. Sijamtuma mtu."

Ijumaa, 20 Novemba

Nitaandika yote, maana nimeahidi kwamba daftari hili halitadanganywa.

Jua lilikuwa halijatoka vizuri. Niliweka kisu cha ngozi cha Tata ndani ya ndoo ya samadi, ili nikionekana ionekane nakwenda kusiriba. Tangu Jumapili nilikuwa nimejiambia ni tundu dogo tu, hatua sita mbele ya vijiti, kama lililofanywa na ng'ombe.

Nilipofika, mtu alikuwa pale. Tata, kwa soksi, suruali imekunjwa magotini, na mipira minne ya zamani miguuni. Mbele ya vijiti, juu ya mkeka, palikuwa na sahani ya bluu ya Mama.

Alirusha. Ti. Mpira ukagonga sahani. Akarusha tena. Ti. Wa tatu ulipita kando kwa upana wa kidole, naye akajitukana taratibu, kwa matusi ambayo sikujua kama anayajua. Wa nne, ti.

Ndipo akaniona. Akaona ndoo. Mpini wa kisu ulikuwa umechomoza, nami nikajikuta nimeukalia, jambo la kijinga kuliko yote, maana mpini ulinichoma.

"Kisu changu hicho?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Samadi inakatwa siku hizi?"

Nikalia. Nikasema yote, kiraka, madaftari, ng'ombe wa kusingizia. Tata alivuta ndoo, akaigeuza, akakaa juu yake, mguu wenye goti bovu ameunyoosha.

"Noma," akasema, "miaka kumi na minne narusha mpira pale pale. Unadhani sijui ninapolenga?"

"Kwa hiyo Tata alijua."

"Kiraka kilifichwa? Warushaji wa kila mji wamekiona. Wamekikanyaga. Wakati wa chai wamemwagia chai. Niambie, kwa nini hawakukipiga?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Kwenye madaftari yote hakuna mgeni hata mmoja aliyepata watu watano kwa mipira ya kuelekea mto.

"Kukipiga kile kidude kulinichukua misimu miwili," alisema. "Nilikuwa naota sahani. Sasa kimeondoka, jicho langu limepotea. Ndiyo maana nimemwibia mama yako." Akakuna kichwa. "Lakini naipiga sahani, na bado mpira hauzai kitu. Labda ni mkono. Labda umekwisha."

Mimi simkosoi baba yangu. Simkosoi mtu yeyote. Hata mwalimu akiandika tarehe ya jana ubaoni, mimi naandika ya jana. Lakini nilikuwa na daftari la klabu mfukoni mwa aproni, na kwenye kurasa za nyuma nilikuwa nimeweka nukta mahali kila mpira wa Tata ulipodunda Jumamosi zile mbili, kwa kuwa sikuwa na la kufanya na huzuni yangu. Nukta zote zilikuwa zimekaa pamoja kama mtama aliomwagiwa kuku. Hatua sita, hatua sita, hatua sita.

"Tata," nikasema. "Mkono haujakwisha. Sahani ndiyo iko mahali pabaya."

"Unasemaje?"

"Mkeka huu umekazwa. Mpira unapanda. Ukidundia pale, ukifika kwenye vijiti uko juu. Na ugenini ni hivyo hivyo, mikeka yao imekazwa, na Tata bado anapiga kiraka cha nyumbani." Nilisema hayo nikitazama vidole vyangu vya miguu. "Isogezwe mbele, karibu na mpigaji. Hatua moja na nusu."

 Tata akainuka, akaenda akichechemea, akaichukua sahani, akahesabu kwa miguu, akaiweka. Mpira wa kwanza ulikosa. Wa pili ulikosa. Wa tatu: ti. Tuliiondoa sahani, akarusha pale pale ilipokuwa. Mpira ulidunda, ukajikunja kidogo tu, si kama mbuzi, kama mtu anayegeuza shingo aitwapo. Kijiti cha katikati kikalala.

"Haya," akasema Tata. "Leta hiyo mipira."

Tulirudi nyumbani jua limepanda, uwanja haujasiribwa. Mama aliuliza tulikuwa wapi. Tata akasema tulikuwa tunaomba. Mungu atusamehe, sahani ilikuwa ndani ya koti lake.

Jumamosi, 21 Novemba

Wanne! Na mmoja wao ni yule mpigaji wa Qonce anayevaa miwani na hatoki kamwe. Falakhe alimnyanyua Tata juu kama gunia. "Niweke chini, mtoto wewe, goti," Tata alipiga kelele. Falakhe akamweka chini kwa uangalifu, kama yai.

Jumapili, 29 Novemba

Baada ya ibada Bwana Fihlani alisimama kwenye ngazi ya kanisa na karatasi ya kamati. Alisoma majina kumi na moja akiyaleta karibu na pua. Falakhe alikuwa wa nne. Wa tano, wa sita, wa saba. Nilikuwa nahesabu vifungo vya gauni la aliyesimama mbele yangu. La kumi na moja alilisoma, akalirudia kwa sauti ya mahubiri: "Jwarha."

Wanawake walipiga vigelegele. Tata alitazama kofia yake ndani, kama mtu aliyeangusha kitu humo.

Bwana Fihlani anaongoza msafara, na anataka mwandishi wake. Mama akasema binti haendi Bhayi peke yake na wanaume kumi na wawili. Basi Makhulu amejitolea kunisindikiza. "Nikaione kazi yangu," asema.

Jumapili, 27 Desemba

Treni, mchana na usiku wote. Falakhe alibeba kikapu cha Makhulu, na godoro lake, na chupa zake za bia ya tangawizi, moja ikapasuka juu ya kofia ya rangi mbili.  Alilamba tu ilipomfikia mdomoni. Nilicheka kwa sauti, watu wakageuka kutafuta ni nani.

Jumanne, 29 Desemba

Tumeshinda nusu fainali. Nahodha wetu ni mtu wa mji mwingine, hamwamini Tata. Siku mbili amempa zamu tatu tu za kurusha. Tata anasimama mbali kabisa, karibu na farasi, anadaka mipira inayomfikia na kupiga makofi kwa wengine. Mimi naandika, na nyuma ya daftari naweka nukta.

Makhulu anauliza maswali kwa sauti: "Yule kwa nini anarudi? Amesahau nini?"

Alhamisi, 31 Desemba

Naandika mbio, mwandiko usamehewe.

Fainali, wenyeji Bhayi dhidi yetu. Kufikia chai ya alasiri walihitaji alama arobaini na moja tu, na sisi tulihitaji bado kuwatoa wapigaji watano. Bendi yao ilikwishaanza kufuta tarumbeta. Falakhe alikuwa amerusha tangu asubuhi, na bega lake lilikuwa limefungwa kitambaa chenye maji.

Nilitazama nukta zangu. Siku tatu, warushaji wa timu zote, na kila mpira uliomtoa mtu kwenye mkeka ule nilikuwa nimeuzungushia duara. Maduara yalikuwa mahali pamoja. Si pa kiraka, wala si pa sahani ya nyumbani. Hatua nne na kiatu kimoja.

Kati ya meza yangu na hema la wachezaji palikuwa na hatua themanini za nyasi tupu, na watu elfu moja wameketi pembeni. Nilimwambia Makhulu siwezi.

"Huwezi nini? Ni majani tu hayo."

Nikaenda. Nilisikia mtu akisema, "Huyo msichana anakwenda wapi na daftari?" Tata alikuwa na kikombe mkononi.

"Hatua nne na kiatu," nikasema.

"Kiatu changu au chako?"

"Cha Tata."

Akanywa chai yake yote. Nahodha alikuwa anamrushia Falakhe mpira. Falakhe aliudaka, akanitazama, akatazama daftari. "Bega langu limekufa, nahodha," akasema, na kwa mkono ule ule wa bega lililokufa akamrushia Tata mpira, wa nguvu na wa juu. "Mpe Jwarha."

Tata alikwenda mbele ya mpigaji, akainama kana kwamba anaondoa jani kwenye mkeka, akapima kwa mguu. Mwamuzi akakohoa. Tata akarudi. Hatua nne, mkono ukazunguka taratibu.

Wa kwanza aliyetolewa hakuamini, akasimama akitazama vijiti vyake. Wa pili alidakwa. Wakapiga alama thelathini na nne, nahodha akaanza kujikuna, kisha wa tatu na wa nne wakatoka mipira miwili mfululizo. Bendi ikaacha kufuta. Akabaki mmoja wa kutolewa, na wao alama saba za kushinda. Niliandika jina la Tata mara mbili kwenye mstari mmoja, nitalisafisha kesho.

Ndipo ikasikika sauti ya Makhulu: "Piga hapo hapo, baba Noma, nimeshakushonea."

Mpira ukaelea. Ukadunda hatua nne na kiatu kimoja. Ukageuza shingo.

Kombe ni dogo kuliko nilivyodhani, na lina mpini mmoja uliolegea. Tata amesema atautengeneza.

Jumamosi, 9 Januari 1909

Nyumbani. Watu wanakuja tangu Jumatatu kuuliza siri. Makhulu anawapeleka kwenye banda la kuku na kuwaonyesha mlango. Wengine wanagusa ngozi ile. Bwana mmoja wa Ngqushwa aliitazama muda mrefu, akasema, "Kumbe ni wewe."

Tata ametundika viatu. Kila alfajiri Falakhe yuko uwanjani bila ile kofia, anarusha taratibu, na Tata ameketi juu ya ndoo akimtukana kwa upole. Bwana Fihlani aliuliza nani ataandika msimu ujao, wakiwa wamesimama watu wengi. Nikasema, "Mimi." Hakuniambia nirudie.

Leo Mama ameiona sahani yake. Tata alimkabidhi mwenyewe, kwa mikono miwili. Rangi ya bluu imebanduka, na katikati imebonyea kama kiganja. Mama aliigeuza huku na huku. Kisha akampakulia Tata chakula chake cha jioni ndani yake, na alipoiweka mezani maharagwe yote yakateleza, moja baada ya jingine, yakakusanyika katikati.